Gari Ambalo Tabora Haijaliona

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeamua. Afrah hataondoka nyumbani kwangu kwa Benz. Benz kila mtu anayo! Sawa, hapa Isevya anayo binamu yangu Hamoudi peke yake, lakini ukifika Dar utazihesabu mpaka uchoke, na mimi Dar nimefika. Dubai pia, siku tatu. Guangzhou nilikaa uwanja wa ndege saa saba nzima, na mtu mwenye macho anajifunza mengi uwanja wa ndege.

Niandike vizuri, nisije nikasahau. Afrah ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita. Jumamosi ya tarehe 21 anapelekwa kwa mumewe, Ridhaa, kule Nzega. Siku tulipopokea posa nilisimama mbele ya wageni nikatamka kwamba mtoto huyu atatoka getini kwangu ndani ya gari ambalo Tabora haijaliona. Nilikuwa nimeshiba pilau. Lakini nilitamka, na watu walisikia.

Hamoudi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema, Salmini, usijitese, Benz yangu ipo, utakuja kuniomba tu. Kumwomba! Mimi!

Alhamisi, 5 Septemba

Uchunguzi. Simu haijatoka mkononi tangu alfajiri. Dukani wateja wawili wamekuja kuulizia magodoro, nimewaambia wajihudumie.

BMW: nimeikataa. Ni Benz iliyobadilisha shati. Lexus: nzuri, lakini ni binamu yake Toyota, na mimi mabinamu wamenichosha. Volvo: ukitaja Volvo hapa mtu anadhani ni basi, anakuuliza linaondoka saa ngapi. Genesis, la Korea: sura kama bwana harusi, lakini ni jina la kitabu cha kwanza cha Biblia, na Maram mke wangu akauliza nitamwelezaje imamu. Bentley: nilitazama bei, nikazima simu, nikanywa maji.

Kisha, Jaguar! Nimekaa kimya dakika nzima. Mimi, kimya! Muulizeni Maram.

Babu wa baba yangu alipofika na misafara, Waarabu wenzake wote wa Tabora walipanda punda wa kijivu. Yeye akaagiza punda mweupe kutoka Maskati. Watu walitoka majumbani kumtazama punda. Hii kitu iko kwenye damu, siyo kosa langu.

Maram amesema paa linavuja. Nimemwambia mvua bado. Kiwanja changu cha Ipuli nakiuza kesho, Jaguar inunuliwe.

Jumatano, 11 Septemba

Limefika! Limekuja na dereva kutoka Dar, kijani ya giza, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Na ndani mbao. Mbao, jamani! Watu wa Ulaya wamechukua gari wakalitia kabati.

Mtaa wote umekuja. Bibi mmoja alilishika mlango akasema bismillahi. Afrah amelizunguka, akaniambia, Ami, zuri sana, lakini mimi hata kwa bodaboda ningekwenda. Mtoto mpole. Hajui ukubwa wa jambo.

Hamoudi naye akaja, mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza spea nitapata wapi. Nikamjibu gari la daraja hili haliharibiki, linapumzika. Akaniuliza fundi gani atalijua. Nikamwambia gari ndilo litamjua fundi. Watu wakacheka, upande wangu. Kisha akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama, akasema, mbona halijang'aa? Benz yangu mtu ananyolea ndevu mlangoni.

Wakacheka tena. Upande wake.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepata dawa. Nimesoma kwenye simu kwamba wenye magari haya huko kwao hawatumii maji na sabuni kama sisi. Wanapaka nta. Nta! Inang'arisha bodi, inalisha mbao. Inauzwa kwenye kopo dogo kama la rangi ya viatu, inaagizwa Dar.

Nilicheka peke yangu dukani. Mtu wa Tabora aagize nta Dar es Salaam?

Nimempigia Shilinde, mfuga nyuki wa Puge, rafiki yangu wa miaka. Kila mwaka huniletea asali. Nikamwambia naomba ndoo ya nta, ile mbichi ya kahawia, inayonukia bado. Akauliza, Mzee Salmini, siku hizi umetundika mizinga? Nikamwambia hayo ni mambo ya watu waliotembea, yeye alete. Akasema haya, bwana mtembezi.

Jumanne, 17 Septemba

Nta imekuja na basi la asubuhi. Nimeiyeyusha kwenye sufuria ya Maram. (Kelele. Nimeahidi sufuria mpya.) Nimelipaka gari kutwa nzima kwa fulana yangu ya zamani. Bodi. Mbao zote. Ndani ya milango. Chini ya viti, kwa sababu mimi si mtu wa kazi nusu.

Linanukia kama msitu baada ya mavuno ya asali. Nimeliegesha kivulini, chini ya mwarobaini wa uani, vioo nimeviacha wazi vidole viwili ili ngozi ipumue.

Hamoudi amepita saa kumi. Amesimama getini. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena, akaenda zake.

Siku tamu kuliko zote tangu nioe. Maram asisome ukurasa huu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nyuki kumi, kumi na tano, wanalizunguka gari. Wanaingia dirishani, wanatoka, wanaingia, kama wateja wanaoulizia bei kwanza. Maram akasema, baba, ona wale. Nikamwambia hata mdudu anajua kitu cha thamani.

Afrah anapakwa hina. Nyumba imejaa shangazi. Sina mahali pa kukaa ila ndani ya gari, na huko nyuki wananitazama vibaya.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika kwa jicho moja.

Ndoa imefungwa msikitini baada ya sala, alhamdulillahi. Nimerudi nyumbani na furaha, nasikia sauti uani kama mashine ya kukoboa. Nikadhani ni jenereta ya watu wa muziki. Siyo. Ni gari langu.

Limejaa! Vioo vimekuwa vyeusi kwa ndani. Kwenye kiti cha nyuma, pale pale Afrah atakapokaa kesho, wananing'inia kutoka darini, rundo kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na linatikisika.

Mpango wa kwanza: nikabonyeza rimoti gari lipige kelele, waogope. Hawakuogopa. Walitoka kuangalia ni nani. Jicho la kushoto. Shangazi wawili wamekimbia na hina mikononi, ukuta wangu mweupe sasa una viganja.

Mpango wa pili: udi. Nilikisogeza chetezo mlangoni, nikapuliza moshi kwa feni. Nyuki wametulia kabisa. Nadhani wamependa.

Nikampigia Shilinde. Alikuja kwa pikipiki mbio, akalitazama gari, akanusa mlango. Kisha akaegemea ukuta, akacheka mpaka akachuchumaa. Akasema, Mwarabu wangu, sisi tukitaka nyuki waingie kwenye mzinga mpya tunaupaka nta, tunauweka kivulini, tunaacha kitundu. Wewe umepaka nje na ndani, ukaweka kivulini, ukaacha vitundu vinne. Na huu ndio mwezi wao wa kuhama! Miaka thelathini nafuga nyuki, sijawahi kuona mzinga wenye redio.

Nikamuuliza, mbona hukunionya? Akasema alinionya kwa kuuliza, nikamwambia mambo ya watu waliotembea.

Anasema anaweza kuwatoa kwa moshi, lakini kesho wengi watashinda wanarudi kutafuta kwao. Kumpakia bibi harusi humo ni kumtoa roho. Nikamwambia, na ile kofia yako ya wavu? Tumvalishe juu ya shela. Haitaonekana sana. Shilinde aliacha kucheka. Akaniita kwa jina langu kamili.

Afrah alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilitegemea atalia. Akasema, Ami, wewe ndiye uliyenifikisha leo. Ukiniambia panda, napanda.

Na angepanda! Namjua. Akiwa na miaka saba nilimwambia baiskeli yangu haihitaji breki, akapanda. Kovu analo gotini mpaka leo.

Nilikaa kidogo kwenye gunia la mkaa. Halafu nikavaa kanzu nyingine, nikaenda kwa Hamoudi kwa miguu. Nyumba nne tu, lakini leo ni mbali kama Kigoma.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, kwamba nataka kuipa Benz yake heshima. Aliponiona jicho, alisema, Salmini, umeumwa na nani, na fahari yako? Hotuba ikapotea. Nikasema, Hamoudi, naomba gari. Mtoto asidhurike.

Nikangoja anicheke. Alicheka, niwe mkweli, na alimwita mkewe naye aje acheke. Lakini alipomaliza akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akauweka mkononi mwangu. Akasema niendeshe mimi. Yeye atakuja nyuma na basi la shangazi. Akasema, kaka yako angetaka uendeshe wewe.

Nimerudi na ufunguo mkononi, sikuutia mfukoni.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumetoka saa tatu. Afrah nyuma na Maram, mimi kwenye usukani, Hamoudi kwenye basi la shangazi anaimbishwa. Tumepita Puge, Shilinde na watoto wake wamesimama barabarani wanapunga ile kofia ya wavu. Fedhuli.

Karibu na Nzega Afrah akanisogelea begani, akauliza, Ami, unalia? Nikamwambia jicho la kushoto ni nyuki. Akasema, na la kulia? Nikamwambia atazame mandhari.

Benz inakwenda vizuri. Vizuri tu. Haina mbao nyingi.

Nzega wametupokea kwa vigelegele. Nikamkabidhi. Nilikuwa na maneno ya busara ya kumwambia Ridhaa, nikamwambia tu kwamba hapendi vitunguu vibichi na akinyamaza sana ujue amekasirika. Akasema, ndiyo, Ami. Kijana mwema. Anaendesha Toyota, lakini bado mdogo.

Kurudi tulikuwa mimi na Hamoudi, Maram amelala nyuma. Hatukuzungumza magari mpaka Puge. Baada ya Puge tuligombana mpaka nyumbani, na ilikuwa raha.

Jumatatu, 23 Septemba

Shilinde aliwahamisha nyuki jana kwa moshi. Nusu wamerudi. Viti vimekuwa rangi ya chai, lakini rangi ya chai nayo ni ya heshima.

Afrah amepiga simu asubuhi. Sauti yake ina furaha. Anasema Nzega nzima wanamuuliza habari za ami yake. Nzega nzima! Kuna mtu amewahi kuuliza habari za Benz? Hata mmoja? Hamoudi nimemweleza hesabu hiyo, akainamisha kichwa. Anadai alikuwa anafunga kiatu.

Na tazama mambo. Saa nne ameingia dukani mtu anaitwa Ngollo, mfugaji mkubwa wa Choma, Igunga. Ameuza ng'ombe, anataka gari la fahari, lakini hataki lile la kila mtu. Wamemwelekeza kwangu. Wamesema Tabora kuna bingwa mmoja tu wa mambo haya. (Alisema waliomwelekeza walikuwa wanacheka. Watu wenye furaha hucheka.)

Nimemfungia duka. Nimempa kiti, soda na somo la saa mbili. Nimempitisha kwenye majina yote, nimemuuliza tabia yake, barabara yake, maadui zake. Tumekubaliana Maserati. Ameniuliza viti vya ngozi vinatunzwaje, maana kwao jua ni kali na vitapasuka.

Hapo nilitulia kama mtaalamu. Kuhusu nta nimemkataza kabisa, mimi si mtu wa kurudia kosa. Nikamuuliza, Ngollo, ngozi ile ni ya nani? Akasema ya ng'ombe. Nikamuuliza, na wewe nyumbani una nini kingi? Akafikiri, akasema samli. Nikamwambia, basi! Asubuhi na jioni, usibane mkono, na mlango uache wazi iingie vizuri.

Akauliza, na mbwa je? Maana zizini kwake ana mbwa wanane.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mbwa hawajui magari.