Mnyororo wa Dhahabu kwenye Mlima wa Tangi

Jumatatu, 3 Juni

Dada Mkubwa ametoa hukumu. Baiskeli ya mbio ya marehemu baba, inayoning'inia stoo kwangu tangu tumzike, itakuwa ya yule atakayeupanda nayo Mlima wa Tangi Jumamosi bila kutia mguu chini. Baba aliupanda kila jioni akitoka kazini. Ni mimi au mdogo wangu, Kitindamimba. Dada anasema baiskeli si picha ya kutundikwa ukutani. Nilimwandalia hoja saba. Alikata simu kwenye ya pili.

Nimejaribu mlima alfajiri, kwa siri. Nilishuka kwenye kona ya mshona viatu, kwa hiari yangu kabisa. Mshona viatu akaniuliza kama nimedondosha kitu. Ndiyo! Pumzi!

Nimetafakari. Miguu ni ileile iliyonibeba tangu ujana. Tumbo ni la umri, nalo lina haki zake. Kwa hiyo kosa ni la mnyororo. Nimeufungua na kuupima kwenye mizani ya unga ya mke wangu. Mzito kama dhambi!

Nimeutia kwenye kopo la mafuta ya taa, kama baba alivyofanya kila Jumapili, akiusugua pingili kwa pingili kwa fulana kuukuu, sisi tukigombania kumshikia kopo. Harufu ile ilinikalisha chini stoo, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikaa mno. Kisha nikakumbuka kwamba niko vitani.

Jumanne, 4 Juni

Kwa fundi baiskeli. Mtaani wanamwita Ndiyo Mzee kwa kuwa hajawahi kumkatalia mteja. Mwenyewe anaendesha pikipiki. Nikamwambia nataka mnyororo mwepesi. Akasema ndiyo mzee, cheni nyepesi zipo. Nikasema mnyororo. Akasema ndiyo mzee, cheni.

Nikamweleza, wateja wote wakisikia, kwamba mwaka jana niliandika gazetini makala kali juu ya jambo hilihili. "Cheni ni ya shingo, mnyororo ni wa baiskeli, asiyejua tofauti na afungwe kwa mmojawapo." Ilitikisa nchi. Walau ilimtikisa mke wangu, aliyeikata na kuibandika kwenye friji. Fundi akasema ndiyo mzee, sasa nataka cheni ipi?

Ziko za namna tatu. Ya kwanza chuma kitupu, kama ya baba. Ya pili bapa zake za ubavuni zimetobolewa. Ya tatu bapa zimetobolewa na pini nazo zina tundu, tena ina rangi ya dhahabu. Kadiri matundu yanavyozidi ndivyo bei inavyopanda. Nimewasema wafanyabiashara maisha yangu yote, lakini hawa wa kuuza hewa kwa bei ya chuma sijapata kuwaona! Nikachukua ya tatu. Nafuu yake ni uzito wa yai moja. Yai moja! Falme zimeanguka kwa chini ya hapo.

Fundi akauliza gia za nyuma ziko ngapi, maana mnyororo hufuata gia. Sijawahi kuzihesabu. Lakini mtu wa hadhi yangu hasemi sijui. Nikasema kumi na moja. Akanitazama. Akasema ndiyo mzee, ataagiza, atanitumia ujumbe.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu amebadilika. Chai kitandani! Ameniita mwenzangu, neno ambalo sijalisikia tangu tuhamie nyumba hii. Aliniletea simu hadi mlango wa bafu, akasema kuna ujumbe wangu, akaondoka akicheka peke yake. Ujumbe ulikuwa wa fundi: "Mzee cheni yako ya dhahabu imefika, nyepesi kama ulivyotaka." Nikamjibu. Mnyororo!

Jioni kaniuliza kama Jumamosi avae gauni la shingo wazi. Nikamwambia avae atakalo, siku ni kubwa. Akanishika mkono. Hatimaye nyumba hii imetambua uzito wa pambano.

Alhamisi, 6 Juni

Kitindamimba kapita kunichokoza. Kasimama mlangoni akinyoosha misuli kama jogoo. Kasema, "Kaka, mlima hausomi magazeti." Nilikuwa na jibu. Lilinijia akiwa ameshafika barabarani, tena anakimbia. Anafanya mazoezi hadharani! Haya hana.

Nimeshindwa kuandika makala. Nimekumbuka bomba la juu la ile baiskeli, nilivyokuwa nakalishwa pale, pumzi za baba kwenye utosi wangu. Nilikuwa nabisha njia nzima. Kwa nini tusipite njia ya bondeni? Nani aliyeweka tangi juu kote kule? Naye alikuwa na jibu moja tu, lisilobadilika: kanyaga, usibishane na mlima. Mimi ambaye hata pedali sikuzifikia.

Na ule mlio wa mnyororo. Tikitikitiki kutoka kona, kabla hajaonekana. Aliyekuwa juu ya ukuta wa jirani alishuka. Aliyekuwa hajaoga alikimbilia maji. Mama aliweka sufuria mekoni. Hatukuwa na saa ukutani wala hatukuihitaji.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeuchukua. Kijisanduku cheusi, kizuri, chaweza kubeba mkufu wa malkia. Fundi akashauri tuujaribu leo. Nikamwambia silaha haianikwi kabla ya vita. Ndiyo mzee.

Nilikuwa nakificha chini ya kitanda mke wangu alipochungulia. Akafumba mdomo kwa kiganja, akarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole. Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia mama yake kwenye simu kwamba wanaume wengine huchelewa kuiva, ila wakiiva wameiva. Bila shaka wanazungumzia miguu yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika yote. Historia ina haki ya kujua.

Tulikusanyika chini ya mlima: Dada Mkubwa na kiti chake, Kitindamimba na familia, fundi na spana zake, mke wangu na gauni la shingo wazi. Nikatoa kijisanduku. Mke wangu akafumba macho. Akainua kidevu, shingo ameinyoosha mbele ya ukoo mzima. Nikampita, nikamkabidhi fundi.

Dada Mkubwa akakohoa. Mke wangu akafumbua macho, akamwona Ndiyo Mzee akiipitisha dhahabu yake kwenye gia zilizojaa grisi. Akauliza, taratibu sana, kama ile ndiyo cheni. Hapo mume mwenye akili angenyamaza. Nikamsahihisha. Nikasema mnyororo.

Fundi akahesabu gia. Tano. Akasema ndiyo mzee, ni tano. Mnyororo wa kumi na moja ni mwembamba. Ulikaa juu ya meno kama mgeni kwenye ncha ya kiti. Nikamwambia afunge tu, utazoea. Nikapanda. Nikakanyaga. Krak! Ukaruka, nikaruka nao. Mguu chini, goti chini, hadhi chini. Sikuwa nimefika hata kwenye nguzo ya kwanza. Kitindamimba akauliza kama hapo ndipo kileleni.

Mke wangu akaondoka. Nikajua amerudi kwao. Kumbe karudi nyumbani, katoka na kopo la mafuta ya taa. Akalipita tumbo langu, akampa Kitindamimba. Mnyororo wa baba ukafungwa, unang'aa.

Kitindamimba akaupanda mlima wote. Kwenye kona ya mshona viatu baiskeli ilikaribia kusimama, naye akasimama juu ya pedali, na kwa nyuma ule ulikuwa mgongo wa baba. Mabega yaleyale, lile la kushoto limeshuka kidogo. Wanasema nilipiga kelele, kanyaga, kanyaga. Dada anasema nililia. Lilikuwa vumbi.

Jumapili, 9 Juni

Stoo ni tupu. Msumari tu umebaki ukutani, na alama ya gurudumu.

Asubuhi mke wangu alibandua makala kwenye friji, akanisomea yote mezani, pamoja na nukta. Cheni ni ya shingo. Alirudia hapo mara mbili. Nimeshindwa na mwandishi aliye bora kuliko mimi.

Nimempigia sonara. Nataka cheni ya dhahabu, nyepesi kuliko zote, itobolewe matundu panapowezekana. Akauliza urefu inchi ngapi. Mtu wa hadhi yangu hasemi sijui. Nikasema kumi na moja. Akauliza kama ni ya mtoto. Nikamwambia afuate maelekezo.

Jioni, nikiandika haya, nimesikia tikitikitiki kutoka kona. Kalamu imenidondoka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla sijakumbuka umri wangu. Kitindamimba amepita na binti yake juu ya bomba, mtoto anabisha njia nzima. Hawakuniona. Nilisimama pale hadi mlio ukaisha bondeni.

Nimeusikiliza vizuri. Ule mnyororo ni mzito. Kesho nitamwandikia Kitindamimba hoja saba.