Guapote Wawili Ndani ya Lita Sitini

Jumatatu, 4 Machi
Ushindi! Orontes, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, amenunua televisheni na karibu wateja wangu wote wamemfuata. Basi mimi nimeleta samaki wawili wa aina ya guapote kutoka ziwani, dume na jike, wakubwa kuliko kiganja changu. Wakizaana hapa dirishani, mji wetu wote wa Granada utanyolewa kwangu. Mzee Leoncio, mvuvi aliyeniletea, aliuliza tangi langu la kioo linaingia lita ngapi. Sitini. Akacheka hadi akashika kiuno. Eti jozi hiyo inataka lita mia nne au zaidi, la sivyo dume atamuua mwenziwe. Nikamwambia wamekuja kuoana, si kucheza besiboli.

Jumanne, 5 Machi
Dume kararua mkia wa jike. Jike kajibanza juu pembeni, hali, hatembei. Mke wangu Auxiliadora anasema jike anaogopa. Nimemweleza kuwa ni haya ya bi harusi.

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua! Dume anakosa adui. Nimeegemeza kioo changu cha kujitazamia ubavuni mwa tangi. Akaivamia sura yake mwenyewe kwa hasira, jike akapumua. Mimi ni mtu wa akili, basi tu. Saa nne akaja Don Ulises, mteja wangu pekee aliyebaki. Nikampaka sabuni. Dume akajirusha, akatoka nje ya tangi, akatua mapajani mwake. Don Ulises akavuka barabara na sabuni yake usoni. Orontes ndiye aliyemalizia ndevu.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nimetia kizuizi cha plastiki chenye matundu katikati ya tangi. Amani! Jike kala. Auxiliadora kasema, "Evenor, hapo hapo. Usiguse tena." Lakini watazaaje wakiwa wametengwa? Baada ya chakula cha mchana nikakitoa.

Saa kumi jike alikuwa amelala ubavu, magamba yamebanduka, anahema. Nikajifanya nanoa wembe. Auxiliadora kamchota jike kwa ndoo, akavuka barabara. Kwa Orontes! Ana birika la zege uani, kubwa kuliko chumba chetu cha kulala. Msaliti. (Ila nilichungulia dirishani hadi nikaona amerudi na ndoo tupu.)

Jumapili, 21 Aprili
Jike amepona. Leoncio kamletea dume mwingine, na birika lina mawe mengi ya kujifichia. Wamezaa. Watu wanatoka misani moja kwa moja kwenda kutazama, na wakishafika wananyolewa. Don Ulises kanipigia kelele mbele ya watu: "Vifaranga mia mbili, ndugu yangu! Nenda ukajionee!" Nikaenda. Orontes akanikaribisha kahawa, jambo la kuudhi kabisa. Jike aliponiona akajificha nyuma ya jiwe.

Jumatatu, 22 Aprili
Sikulala, nilikuwa nafikiri. Kosa nimelipata. Si tangi hata kidogo. Ni idadi! Dume mmoja na jike mmoja, lazima wagombane. Leoncio ananiletea majike watano leo mchana. Alipouliza kama nimepata tangi jipya, nikacheka mimi sasa. La nini? Wakiwa sita humo ndani pamoja na dume wangu, hakuna atakayepata nafasi ya kugeuka, seuze kupigana.