Meli Iliyozama Mara Mbili

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Meli ya utafiti ina nafasi moja tu. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu, ninayekaa naye meza moja maabara. Mkuu wetu, Mama Sumaku, kasema atakayechora vizuri ramani ya sumaku ya miamba ya chini ya bahari ndiye atakayesafiri. Miaka yote hii naichora bahari, sijawahi hata kulowa miguu. Inaniuma.

Nimepata mpango! Sakafu ya bahari hupasuka katikati. Mwamba wa moto unapanda, unapoa, chembe zake za chuma zinashika kaskazini ya sumaku ya wakati huo. Kisha nusu inasukumwa mashariki, nusu magharibi. Ncha za sumaku za dunia zikigeuka, mwamba mpya unashika kinyume. Mlia kwa mlia, pande zote sawa. Sasa nihangaike mara mbili ya nini? Nitachora mashariki, nigeuze, nipate magharibi.

Jumanne, tarehe 10

Shemeji bado anakodolea macho vipimo vya magharibi. Maskini! Mimi nanywa chai. Mke wangu kauliza kama nitamkumbuka huko majini. Nikawaza: mwamba hausahau kaskazini yake, hata usukumwe mbali vipi. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona haya, nikaomba sukari.

Jumatano, tarehe 11

Balaa! Mashariki kuna meli ya chuma iliyozama zamani, imeonekana kwenye vipimo. Nami nimeigeuza pamoja na milia. Mama Sumaku kauliza meli moja imezamaje pande mbili. Nikajikaza kisabuni: ilizama katikati, sakafu ikaipasua, kila nusu ikaenda zake. Akauliza sakafu inatanuka kwa kasi gani. Nikasema kama ukucha unavyokua. Akauliza, basi mamilioni ya miaka iliyopita meli iliundwa na nani, samaki? Shemeji alicheka mpaka machozi.

Alhamisi, tarehe 12

Nafasi kapewa shemeji. Mke wangu alimpigia pasi mashati, kisha akaja kukaa karibu yangu. Nusura nilie. Mama Sumaku anataka nirudie ramani nzima, la sivyo nisahau na safari ijayo.

Ijumaa, tarehe 13

Nimekoma! Njia za mkato basi. Shemeji kanihurumia, kaniachia ramani yake ya magharibi, safi kabisa. Nimeigeuza, nimepata mashariki. Inapendeza! Na safari hii nimehakikisha kwa macho yangu: hakuna meli iliyozama, upande wowote ule.

Nimeshaanza kupanga nguo.