Fildi Kwanza, Chuo Baadaye

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeamua. Nitasoma sosholojia chuo kikuu. Mwanangu Aidan kanyonya, kalala, na mimi nimeamua.

Chanzo ni mpangaji mpya wa chumba cha uani. Anaitwa Evaline, katoka Bukoba. Yuko mwaka wa tatu chuoni, na chuo kimemtuma afanye kazi Songea mwaka mzima, maendeleo ya jamii, ndipo arudi kumalizia. Wenyewe wanaita fildi. Nikamuuliza sosholojia ndiyo nini. Akasema ni kuchunguza watu wanavyoishi: nani anakula na nani, nani hasalimiani na nani, na kwa nini. Mungu wangu! Hayo nayafanya tangu nimeolewa hapa Bombambili, tena bila kutumwa.

Matokeo yangu ya kidato cha nne tusiyaongelee humu. Ila njia nimeiona. Wenzangu wanaanza chuo halafu fildi. Mimi nitaanza fildi, chuo nitamalizia.

Evaline anatafuta msaidizi mwenyeji wa mtaa. Atamchagua wiki ijayo, msimamizi wake akishakuja kumkagua na kuridhika. Huyo msaidizi atafundishwa kila jioni mpaka arisiti, yaani arudie, mitihani yake ya kidato cha nne. Mpaka arisiti! Mshindani wangu ni mmoja tu, Brigita wa nyumba ya kona. Kamaliza kidato cha sita, na miwani anavaa ya urembo. Ananiita Mama Vitumbua mbele za watu. Kweli nauza vitumbua, lakini ni kwa sasa tu.

Mume wangu Erasmus kausikia mpango huu juu ya bodaboda yake, kacheka mpaka karibu aanguke. Kasema nikifika chuo kikuu yeye ataendesha ndege. Sikumjibu. Msomi hajibizani.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Kwaresima hii nimeacha uongo. Mkubwa na mdogo. Wengine wameacha pombe ya ulanzi, mimi uongo.

Evaline kashinda akizunguka na dodoso lake. Ni maswali ya kila kaya: mko wangapi, mna vitanda, mna TV. Hakuna aliyemfungulia. Wote wamekwenda shamba, hata wale ambao redio zinaimba ndani! Karudi viatu tope tupu, macho mekundu. Msimamizi akikuta hana kaya, mwaka wake wote umeharibika. Nikamwambia, dada, niachie mimi.

Baada ya misa nikamshika Mama Shukuru, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nikamwambia yule dada anaandika nani anacho na nani hana. Basi. Akasimama palepale, majivu usoni, akauliza wasio nacho wanaandikiwa nini. Nikasema mama, mimi sijui, mimi nimeona kalamu tu.

Uongo uko wapi hapo? Haupo.

Ijumaa, 7 Machi

Milango yote wazi! Upande wetu wa barabara, nyumba hadi nyumba, karibuni, karibuni! Evaline hakuamini. Nilitembea mbele yake kama mama mchungaji.

Kwa Mama Shukuru tulikaribishwa chini, kwenye gunia. Makochi yake ya juzi sikuyaona. Watoto walijaa mpaka mlangoni, na yeye ana watatu. Kabla Evaline hajaingia aliniomba kwa sauti ya chini, hebu mlongo, ndugu yangu, niazime na huyo, kanona kidogo lakini tutamfunika. Nikampa Aidan. Ni kwa ajili ya elimu.

Evaline kaandika kaya ya watu kumi na wawili, wanalala mmoja juu ya mwingine. Machozi yalimlengalenga. Mimi pia nililia, kidogo.

Nyumba iliyofuata, kwa Mzee Hironimus, hakuna TV. Evaline akaangalia paa, akauliza lile dishi je. Mzee akasema ni la kukingia maji ya mvua. Akasema kwa upole kabisa, mjukuu wangu.

Jioni Brigita kapita kutusalimia. Kamwambia Evaline kwa Kiingereza kitu kirefu. Evaline kanigeukia. Kauliza kama watu wa mtaa huu wana desturi ya kuficha vyombo. Nimesema sijawahi kusikia. (Huo si uongo. Kuficha nimeona. Kusikia sijasikia.)

Jumamosi, 8 Machi

Sikulala vizuri. Aidan meno, mimi mawazo. Evaline kasema takwimu zake hazikai sawa, mtaa wenye umeme na madishi hauwezi kukosa TV hata moja. Dodoso la upande wa pili wa barabara lazima litoke na watu wenye vitu.

Vizuri. Vitu watapata.

Nimevuka barabara na ndoo ya vitumbua. Kwa kila mteja nilisema neno moja tu, kwamba tangu nizaliwe sijaona benki ikimkopesha mtu mwenye sakafu tupu. Nikaongeza kwamba dada wa dodoso anapita Jumatatu. Sikuyaunganisha. Waliyaunganisha wenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Jamani, utajiri! Vitambaa vyeupe kwenye makochi. Majagi ya maua. Mama mmoja kavaa viatu vya harusi humo humo ndani. Kila nyumba ina TV.

Nyumba ya tatu Evaline kaanza kuikodolea macho TV. Kibandiko cha Bikira Maria kona ya kushoto. Kasema hiki si kakiona nyumba iliyotangulia? Nikasema parokia iligawa vingi. Nilipotoka nje nikamwona Erasmus anapita na bodaboda mbio, nyuma kafunga kitu cha mraba kimefunikwa kanga. Kanga yangu! Kumbe TV ni ile ile moja, ya Mama Shukuru. Kwake haipo maana ni maskini, kwa hiyo anaiazimisha ng'ambo. Mume wangu mwenyewe ndiye rubani wa mpango na hakuniambia.

Usiku nikamuuliza. Kasema na yeye yuko fildi.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya msimamizi.

Kaja Dokta Abdulswamadu kutoka chuoni, mtu mwembamba, mpole, shikamoo anaitikia kwa kuinama. Nilimchinjia kuku. Amefunga! Ramadhani! Kuku mzima kaliwa na Brigita, aliyejialika, ambaye ni Mkatoliki na Kwaresima yake sijui kaiweka wapi.

Kataka kuona kaya mwenyewe. Tulianza ng'ambo: makochi, TV, hakuna mtoto hata mmoja, wote wameazimwa huku. Tukavuka huku: watoto tele, hakuna hata kigoda. Kasimama katikati ya barabara akiangalia pande zote mbili. Akasema, polepole, kwamba ameshafundisha matabaka ya jamii kwa miaka mingi lakini hajawahi kuyaona yametenganishwa na lami.

Evaline akawa anatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Ndipo tukaingia kwa Mama Shukuru. Aidan yuko mapajani kwake, kafungwa kitambaa kikuukuu ili aonekane mnyonge. Dokta akauliza huyu ni wa ngapi. Mama Shukuru akajibu huyu ndiye kitindamimba, baba, na hali ndiyo hii.

Aidan akaniona.

Akanyoosha mikono. Nikaangalia paa. Brigita akaniangalia mimi, kajua, anangoja. Nikajikaza. Nikawaza mitihani, chuo, joho, Aidan akiwa mkubwa anasema mama yangu msomi. Aidan akaanza kulia kile kilio cha taratibu cha mtu anayeona mama yake amemkana. Nikajikaza tena.

Maziwa hayakujikaza. Yalitoka yenyewe, yakaloanisha blauzi yote, pande mbili, mbele ya Dokta wa chuo kikuu.

Nikaenda nikamchukua mwanangu. Nikakaa kwenye lile gunia nikamnyonyesha. Aidan alinishika kidole akawa ananitazama kwa jicho moja. Dokta aligeukia ukutani kwa heshima, akauliza ukuta kama kuna TV hapa mtaani anayoweza kutazamia taarifa ya habari.

Jumatano, 12 Machi

Evaline kagonga asubuhi. Madodoso yote yametupwa. Dokta kampa nafasi ya mwisho: aanze upya, mtaa wa Msamala, na kaya zote ziwe za kweli. Mimi siko. Msaidizi ni Brigita.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nimekaanga vitumbua vikaungua.

Ijumaa, 14 Machi

Mungu yupo! Brigita kadumu siku moja. Msamala hakuna mlango uliofunguka, wameona miwani wakadhani ni watu wa kodi. Evaline kasimama mlangoni kwangu na viatu vya tope. Kasema nitakuwa msaidizi, mwaka mzima, na masomo ya jioni yanaanza leo leo, kwa sharti moja. Nigonge hodi, nisalimie, halafu ninyamaze. Nisiwaandae watu. Nisiseme neno lolote kabla.

Nimeapa. Nimeapa nikiwa nimembeba Aidan, ili awe shahidi.

Masomo yamekwenda vizuri. Nimejifunza kwamba mtafiti asiyajue majibu mapema. Nimeandika, nimepigia mstari.

Tulipomaliza nilipeleka vitumbua Msamala, biashara tu. Mama mmoja wa pale bombani kaniuliza wale wa makaratasi wanataka nini. Nikanyamaza, kama nilivyoapa. Akauliza tena. Nikasema sina ruhusa ya kusema, ila atakayesema kweli atakumbukwa. Sikusema na nani.

Nilipokuwa naondoka bomba zima lilikuwa kimya, linafikiri. Yule mama kanikimbilia mpaka njia panda. Kamsifia Aidan mashavu. Kaniuliza kama Jumatatu mtoto ana kazi.

Kama ni asubuhi tu, na akishanyonya kwanza, sioni ubaya.