Waashi wa Kinamasi na Lulu za Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimetumbukia kinamasini, nimetoka tajiri mtarajiwa.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta udongo wa mfinyanzi. (Mpango wa vyungu. Umekufa, tusiuongelee.) Nikateleza kwenye mafunjo. Nikiwa bado nimekaa majini hadi kiunoni, nikaona kijiti kinatembea. Nikafumba macho, nikafumbua. Kinatembea! Nikakiokota. Ndani mna kidudu laini cha miguu sita, kimejijengea mrija wa vipande vya majani na kuuvaa kama koti. Jirani yake kajenga kwa mchanga mtupu. Wa tatu kabandika konokono wadogo ukutani, tena wengine wazima, wanaburutwa huku na huku bila kuulizwa.

Nimewapa jina: waashi.

Wazo lilinijia palepale, suruali ikichuruzika. Kama wanajenga kwa chochote wanachokikuta, je, wakikuta lulu?

Alhamisi, 6 Machi

Kiwanda kimefunguliwa. Beseni la kufulia, maji ya kinamasi, majani yaliyooza kwa chakula. Kuwatoa nyumbani ni rahisi: unasukuma kwa nyuma na bua laini, wanatoka wenyewe, wamenuna. Bila koti wanatia huruma. Kisha nikawamwagia lulu ndogondogo kutoka chumba cha kushonea cha mke wangu, ambaye ni fundi wa nguo za maharusi. Pakiti ilikuwa imekaa tu rafuni, haina kazi. Kwani atajua?

Shemeji alipita. Ni kaka wa mke wangu, sonara, na hilo hatuachi tulisahau. Akauliza nafuga nini. Nikamjibu nafuga hereni. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema tangu ule mradi wangu wa kware hajacheka hivyo. Acheke! Alipoondoka alisahau lenzi yake ya kukagulia vito. Tuseme alisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafanya kitu kingine leo.

Nimemtazama mwashi kwa lenzi. Anaokota lulu. Anaizungusha kwa miguu ya mbele, anaijaribu penye pengo. Haikai vizuri. Anaitupa! Anachukua nyingine. Hii imemridhisha. Halafu, kutoka mdomoni, uzi. Hariri! Anaipitisha huku, anaipitisha kule, ndani ya maji, na lulu inashika. Mimi niliwahi kuziba paa la jiko kwa lami ya dukani, juani, na bado linavuja.

Nani kamfundisha? Mama yake alitaga mayai akaenda zake.

Nilisahau kula. Nilisahau hata kupiga hesabu ya faida, jambo ambalo halijanitokea tangu nioe.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Lulu zile zilikuwa na kazi. Zilikuwa za shingo ya gauni la muuguzi mmoja anayeolewa tarehe ishirini na tisa, na muuza shanga hatapata nyingine za rangi ile kabla ya harusi. Mke wangu alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini. Ile ya chini ndiyo mbaya.

"Mume wangu, lulu zangu ziko wapi?"

Nikamwambia ziko kazini.

Akachukua kibano, akapiga magoti mbele ya beseni, tayari kuvunja nyumba moja moja. Nikampa lenzi. Sijui kwa nini. Labda kuchelewesha hukumu. Akaangalia. Akaendelea kuangalia. Chai yake ikapoa. Mwishowe akasema, si kwangu, kwa beseni:

"Anapima kabla ya kushona."

Akaongeza kwamba amefundisha wasichana cherehani miaka mingi, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote. Kibano akakitia mfukoni. Akasema shingo ya gauni ataitarizi kwa uzi mweupe, hata kama itabidi akeshe. Na kwamba akinikuta tena kwenye rafu yake, atanishona mimi mdomo.

Beseni limehamia chumba cha kushonea. Anasema hapo ataweza kutuangalia vizuri, wao na mimi.

Jumatano, 26 Machi

Msiba. Waashi wamejifungia. Kila mmoja kajibandika kwenye bua la tete nililochomeka beseni, kaziba mlango wa mbele na wa nyuma kwa wavu wa hariri. Siku nyingi sasa, kimya.

Shemeji alikuja kudai lenzi. Akachungulia, akatangaza kwamba nimefungua makaburi ya kifahari, tena kwa lulu za watu. Mdomo wa shemeji hauna komeo: bibi harusi alikuwa pale pale akijaribu gauni! Mke wangu akamweleza yote, hakunifichia hata nukta. Mimi nilikuwa napima umbali wa dirisha.

Bibi harusi akaomba kuona. Akainama juu ya ile mirija inayong'aa majini. Akauliza kama kweli wamekufa. Hakuna aliyejua.

Ajabu ni kwamba mirija mitupu ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Sasa mbona nimeshindwa kumaliza chakula?

Ijumaa, 28 Machi

Lazima niandike haya usiku huu huu.

Jua lilikuwa linazama. Mke wangu anapiga pasi gauni kwa mara ya mwisho, taa inawaka, shemeji kakaa kitini ananihubiria juu ya kazi halali. Ghafla mke wangu akasema tutulie.

Wavu mmoja ulikuwa umetobolewa. Kutoka ndani! Kitu kikachomoka, kikaogelea juu kikipiga miguu kama makasia, kikapanda bua. Mgongo ukapasuka. Akatoka mwingine kabisa: mabawa ya kahawia yenye manyoya, vipapasio virefu kuliko mwili. Kiumbe wa maji, na sasa ni wa hewani, bila mtu kumwonyesha njia. Kisha wa pili. Kisha wote. Wakaizunguka taa. Wakashuka kwenye gauni jeupe, wakatulia pale kana kwamba wametariziwa.

Hakuna aliyewafukuza. Mke wangu alikuwa bado ameinua pasi hewani. Mmoja alitua kwenye kipara cha shemeji, naye shemeji, mtu asiyekaa kimya hata msibani, hakupumua.

Ndipo mke wangu akazima taa, akafungua dirisha. Nje kinamasi bado kilikuwa na mwanga kidogo. Wakaondoka mmoja mmoja kuuelekea. Nililia. Shemeji anasema yeye alipenga kamasi kwa sababu ya vumbi.

Jumamosi, 29 Machi

Gauni halina doa. Mirija imebaki, imara. Mke wangu alichemsha mmoja ili apate japo lulu chache. Hariri imekataa katakata kuziachia. Bibi harusi alipokuja kuchukua gauni akaomba miwili ya masikioni. Shemeji akaitia ndoano za fedha palepale, bure.

Ukumbini kila mtu akauliza fundi wa hereni zile ni nani. Shemeji akanyoosha mkono. Akanyoosha! Na akasimama ili aonekane! Nilitaka kupanda jukwaani. Mke wangu akanivuta shati, akasema waashi wenyewe hawajalalamika, mimi ni nani?

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwapia mke wangu, mkono kifuani, kwamba sitagusa tena kiumbe wa majini kwa biashara. Nimeapa kwa dhati. Nimeelimika.

Kisha nikaenda kinamasini kutazama tu, kwa heshima. Wapo wanaotembea juu ya maji bila kuzama. Yupo mende anayeshuka chini na kiputo chake cha hewa, kama msafiri na kikapu cha chakula. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Nilipotoka, nikakuta ruba mnene amejishikiza kwenye shavu la mguu, ananyonya damu, na sikuhisi chochote. Hata kidogo! Ni maarifa gani hayo?

Mama mkwe anakuja Jumapili, na goti lake limevimba. Wazee walikuwa wanasema ruba hutoa damu mbaya. Hiyo si biashara, ni tiba, na juu ya tiba sikuapa.

Nimekusanya ruba wengine, nimewahifadhi wote kwenye birika la chai. Lina kifuniko kizuri.