Mistari Miwili ya Daraja Mbili

Mwezi wa nane Nyangate alilala na mwanamke asiyemjua mjini Kisii, na sasa mchungaji wa Sironga alitaka karatasi ya vipimo kabla ya kutangaza harusi yake. Kila chunusi aliiona ukimwi. Akikojoa, anasikilizia kama inachoma.

Watu wa namna hiyo Ogweno aliwajua kwa mwendo. Kijana huyu wa kutoka upande wa ziwa alikuwa amewaona sokoni Daraja Mbili: wanaume wazima wanazunguka duka la dawa mara tatu, kisha wananunua panadol. Basi akafungua kliniki nyuma ya marobota ya mitumba. Koti jeupe, shilingi mia nane, bila sindano, bila jina. Alichotumia ni vijiti vya kupima mimba, akivitoa kwenye pakiti mapema. Mkojo wa mwanamume unaleta mstari mmoja. "Mstari mmoja, msafi!" hutangaza Ogweno, kisha anagonga muhuri aliouchonga kwenye soli ya malapa. Mwaka mzima hakupata mgonjwa hata mmoja. Hospitali kubwa hazijafikia hapo.

Nyangate alifika Jumatano, chupa ya soda kwapani.

"Karibu, mzee. Mkojo ni wa asubuhi?"

"Wa asubuhi kabisa, daktari."

Ogweno akachovya kijiti, akaandika "msafi" kabla ya kuangalia. Kisha akaangalia. Mistari miwili. Akakitikisa. Miwili.

"Mzee," akasema taratibu, "asubuhi huwa unatapika?"

"Nakufa?" Nyangate akakumbatia robota. "Sema tu, daktari!"

"Hata kidogo? Hutamani udongo?"

"Si wangu!" Nyangate akapiga kelele. "Niliogopa! Nilimdanganya dada yangu kuna vipimo vya bure vya taifodi. Yeye anaimba kwaya, nikajua wake ni msafi. Woi, Eucabeth anakufa!"

"Eucabeth gani?" Sauti ya Ogweno ilikuwa imepungua.

"Huyu hapa," ikasema sauti ya kike kutoka nyuma ya marobota.

Eucabeth alikuwa amemfuata kaka yake. Tangu lini taifodi ikapimwa kwenye mitumba? Akamtazama daktari kuanzia viatu kwenda juu.

"Na wewe umesomea udaktari lini? Mwezi wa saba, uliponitongoza, ulikuwa injinia wa barabara."

Ogweno akarudi nyuma, akaangusha kikapu chake. Pakiti zikamwagika, kila moja na picha ya mtoto mchanga anayecheka. Nyangate aliacha shule darasa la tano, lakini picha haihitaji shule.

"Shemeji," akasema, akimshika ukosi wa koti, "kaa chini tuongee."

Kesho yake Nyangate alipimwa zahanati, kwa sindano, bure. Hakuwa na kitu. Mchungaji, ambaye sasa alikuwa na harusi mbili, akataka na karatasi ya Ogweno, na ile ya muhuri wa malapa akaikataa. Aliyepima soko zima hakuwa amejipima hata siku moja. Alimuuliza nesi mara tatu kama inauma, akangoja majibu dakika ishirini huku jasho likimtoka mpaka magotini. Naye akakutwa mzima.

Kliniki ilimgharimu Ogweno hivi. Mia nane za Nyangate, zilizorudi. Ng'ombe sita wa mahari, mmoja wao mwenye mimba, na huyo hakuhitaji kijiti ili ajulikane. Mbuzi wawili. Blanketi la mama mkwe. Na koti jeupe, ambalo mama mkwe hulivaa akikamua.