Taa Nyekundu na Ngome za Uskochi

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudi! Wiki mbili Uskochi, dereva wa arbab, tajiri wangu, na familia yake. Na droni ni yangu sasa. Arbab aliinunua, akaigongesha mtini siku ya kwanza, akanitupia: khalas, chukua wewe. Nimerekodi kutoka angani ngome ya Stirling, mnara wa Wallace, na ngome ya Eilean Donan iliyo katikati ya maji. Kila pahali kwa kibali, arbab hapendi matatizo.

Ijumaa nitaionesha video hapa Dubai, mtaa wa Rashidiya, sebuleni kwa Bi Mahfudha, mama yake Lamees. Posa yangu iko kwake tangu Shaaban. Balaa ni kwamba ya Thuwein nayo iko. Thuwein ana duka la manukato Deira na ndevu zilizochongwa kwa rula. Bi Mahfudha amesema atatoa jibu Ijumaa hiyo hiyo, baada ya chakula. Maskini Thuwein! Karibu nimhurumie.

Jumanne, 26 Agosti

Pius, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, kaniuliza kama nimeshaiangalia hiyo video. Sijaiangalia, wala siiangalii. Sinia la biriani hufunuliwa mbele ya wageni. Akasema, bro, check kwanza, utajiaibisha. Wivu mtupu!

Nikamweleza ufundi. Kuna kitufe, kuna taa. Kabla ya kurusha nabonyeza, nyekundu inazimika: kazi imeanza. Nikishatua nabonyeza tena, nyekundu inawaka: imesimama. Miaka kumi na miwili naendesha Dubai, sijavuka nyekundu hata moja. Pius akanitazama sana, kisha akaenda kuoga.

Alhamisi, 28 Agosti

Thuwein kamwambia Bi Mahfudha kuwa kule Uskochi nilikuwa naosha vyombo. Mwongo! Nimeosha gari tu. Basi nimemwalika na yeye kesho. Aje ashuhudie kwa macho yake. Nimepiga pasi kanzu mara mbili.

Ijumaa, 29 Agosti

Ushindi! Lakini niandike kwa mpangilio.

Tukala. Nikachomeka kadi kwenye runinga, nikasimama pembeni kama mkuu wa mkoa, nikatangaza: ngome ya Stirling! Kikatokea kiatu changu. Dakika tisa za kiatu changu. Nikatangaza mnara wa Wallace. Kondoo akaja akailamba kamera, skrini nzima ulimi. Hakuna mawingu, hakuna minara, sauti pia hakuna. Ni nyasi tu, na mimi nikipita nikila ndizi. Nilitaka kufa. Thuwein alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Ikaja Eilean Donan. Mvua. Siku ile tulisubiri ipite, droni nimeiweka chini kwenye majani. Na hapo skrini ikanionesha mimi nimesimama na mwavuli, nimelowa chapachapa, maji yanachuruzika puani, na chini ya mwavuli mama yake arbab, kikongwe wa watu, mkavu kabisa. Nusu saa nzima. Sikutikisika.

Thuwein bado anacheka. Bi Mahfudha akamwambia anyamaze. Akamuuliza yeye amewahi lini kumshikia mama yake mwavuli. Thuwein akajibu kwamba Dubai mvua hainyeshi. Bi Mahfudha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema Nassir, mwanangu, mimi nazeeka, na Lamees ndiye niliye naye, nimekukubali. Mlangoni pa jikoni nikamwona Lamees anacheka kwa furaha, na moyo wangu ukaruka kuliko droni.

Sikuona haja ya kueleza kwamba kwa mwavuli ule nilikuwa naifunika rimoti, na yule kikongwe alijisogeza mwenyewe.

Jumamosi, 30 Agosti

Thuwein kaniletea chupa ya udi, kwa uso wa mtu aliyemeza limau. Nimeipokea.

Nimefikiri kwa utulivu kilichonipa ushindi. Si mwavuli. Watu wanadhani ni mwavuli, hawajui sanaa. Nimeirudia video mara tano: nyuma ya kichwa cha mama yake arbab, upande wa kushoto, ngome inaonekana! Ndogo, kama kidole gumba, lakini ipo. Bi Mahfudha ana jicho.

Pius kanikalisha kitandani kunifundisha. Ati taa nyekundu ndiyo inarekodi, na ikizimika hairekodi. Nimemsikiliza kwa heshima. Mtu hana hata leseni ya gari.

Harusi ni Novemba, baridi ikianza. Bi Mahfudha ametaka kulipa mpiga picha. Nimekataa katakata! Nimemwambia mkwe wangu asihangaike, kamera ninayo, nitarekodi mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Pius ataishika nikiwa nafungishwa ndoa. Nimeshamwandikia maagizo kwa kalamu ya wino: ukiona nyekundu tu, bonyeza haraka izimike.